Lenzi Isiyovuta

Tarehe 2 Juni

Mke wangu mdogo,

Barua yako nimeipata, na vile vifaa unavyotaka kubeba nimevisoma nikacheka mpaka mke mwenza wako, yaani bibi yako, akanigonga mgongo akidhani nimepaliwa. Mwili wa kamera. Lenzi fupi. Lenzi ndefu. Lenzi ya katikati, nadhani ya kuzisuluhisha hizo mbili zikigombana. Miguu mitatu ya kusimamishia. Mfuko wenye vijifuko vyake, na mfuko mwingine wa kubebea huo mfuko. Mjukuu wangu, unakwenda kumpiga baba yako picha au unahamia kwake?

Sikiliza mtu aliyefungua studio kabla mama yako hajaota meno. Mimi shuleni sikufika mbali, nilitoka kabla ya hesabu za kugawanya, lakini nyuso nimezisoma zote. Wapita njia bado wananiita Mzee Usipepese, ingawa wakiniita siwasikii. Masikio yametangulia kufa, macho yamebaki kulinda mali. Ndiyo maana tunaandikiana kama wachumba wa zamani. Simu kwangu ni kipande cha sabuni tu.

Bibi yako anataka kitu kimoja. Nilimsoma midomo, akairudia ili nisijifanye sijaona: anataka uso wa mwanawe. Si habari zake, si salamu. Uso. Na uwe mkubwa, autambue mwenyewe bila mtu kumwambia huyu ni fulani. Macho yake unayajua, kwa hiyo karatasi iwe pana kama sinia. Picha ya simu ukiikuza hivyo, mtu anakuwa matope yaliyokanyagwa na ng'ombe. Halafu wewe mwenyewe ulisema kule machimboni wanakusanya simu getini. Kamera hawakuitaja. Labda wamesahau kama bado zinatengenezwa.

Basi chukua kamera moja ndogo, ya kuenea mfuko wa koti. Lenzi moja, iliyogandishwa hapohapo, haitoki wala hairudi. Iwe na tundu kubwa la kuingiza mwanga, maana chumba cha mfanyakazi kina dirisha moja, na hilo moja limezibwa na kabati. Betri ya akiba weka ndani ya soksi. Basi. Ukiona uso ni mdogo, piga hatua mbele. Bado mdogo? Piga nyingine. Lenzi ya kuvuta ni ya watu waliozaliwa bila miguu, au wanaomwogopa wanayempiga.

Na usisubiri lile lori la mawe. Linaondoka likijaa, na linajaa likipenda. Pita mlimani kwa miguu. Ukiwa mwepesi utafika kabla dereva hajamaliza kunywa chai.

Bibi yako hajambo. Ananuna, ananigombeza, mambo ya kawaida.

Mume wako halali,
Mzee Usipepese

*

Tarehe 5 Juni

Binti yangu,

Hati hii si yangu. Naandikiwa na muuguzi, yeye amesimama nje ya dirisha na mimi nasema nikiwa ndani. Karatasi ikishaingia huku haitoki tena.

Nimeambiwa uliuliza ofisini kama unaweza kuja kunipiga picha, na kwamba mama yangu, bibi yako, ndiye anayeitaka. Naomba ujue kabla hujafunga safari. Sipo tena kwenye mabweni ya wafanyakazi. Nipo wodi ya wakohozi, nyuma kabisa. Ni vumbi la mawe, limeshajenga nyumba kifuani. Mgeni haruhusiwi kuvuka uzio wa waya. Kati ya waya na baraza yetu kuna uwanja mzima. Jumapili wanaoweza kusimama wanatolewa barazani kuota jua, na ndugu wanatuangalia kutoka huko. Picha hawazitaki, wenye machimbo hawapendi sura zetu zionekane nje.

Kama utakuja, nitasimama kwenye nguzo ya mwisho. Nitavaa shati jeupe.

Babu yako na mama wasijue. Mama akisikia atakuja huku kwa magoti, na atakuja kusimama kwenye waya. Sitaki anione hivyo. Waambie kazi ni nyingi, wamenikatalia likizo.

Niambie kama nikate ndevu.

Baba yako

*

Tarehe 9 Juni

Mume wangu nisiyekuchagua,

Shikamoo babu. Mwambie mke mwenza naye shikamoo, na umwambie kwa adabu, si kwa ile sauti yako ya kuita mbuzi.

Nimekwenda kwa muuza kamera nikitoka kazini, bado nina nyuzi za sare za shule kwenye nywele. Nimepunguza. Miguu mitatu nimeiacha, na ule mfuko wa mfuko pia, umefurahi? Lakini lenzi ndefu naitaka. Muuzaji amenionyesha nyingine, kamera ndogo ambayo lenzi yake inatoka yenyewe kama shingo ya kobe. Ukibonyeza inanguruma kidogo, halafu kitu cha mbali kinakuja. Nilimtazama mtu aliyekuwa ng'ambo ya barabara nikaona kifungo cha shati lake kimekatika. Inaingia mkobani, babu. Haina uzito.

Najua utasema ni uvivu wa miguu. Sema tu. Baba hapendi kusogelewa na kamera, unamjua. Mtu aliyekulia studio kwa baba yake lazima azichukie. Nataka tu niwe na uwezo wa kuvuta, likitokea la kutokea. Naomba kwa hili moja usibishane na mimi.

Mjukuu wako, fundi cherehani

*

Tarehe 14 Juni

Wewe Kipara,

Nakuandikia badala ya kuja dukani kwako kwa sababu siwezi kutoka. Nikitoka dakika mbili bibi anafungua macho na kuuliza kama picha imefika.

Daktari amekuja jana. Kijana ana viatu vizuri kuliko majibu yake. Alizungumza na ukuta, nami nikamsoma midomo: tusihesabu miezi. Halafu akaja mzee wa sala, akaomba kwa urefu mpaka bibi mwenyewe akamwambia, "Baba, pumzika, utaumwa." Kwa hiyo akili bado anayo. Mwili ndio umekataa. Anakula vijiko vitatu na ananipa mimi cha nne ili nisiseme hakula.

Sasa, kazi yako. Ulijifunza kwangu ukiwa bado na nywele, kwa hiyo utanitii. Njoo uchukue kamera yangu ya chuma, na lenzi zake zote, na taa, na mwavuli wa taa, na kile kiti chenye kitambaa chekundu ambacho nusu ya mji wamekalia. Badala yake nipe ile ndogo nyeusi iliyo kwenye kabati lako la kioo, ile yenye lenzi moja isiyovuta. Nimeishika ile, najua kazi yake. Inaona gizani. Ukiikuza picha yake, kope zinahesabika. Zile za shingo ya kobe zina kijicho kidogo, kwenye kivuli zinapapasa tu, na bibi atapewa matope.

Ifunge vizuri, mpe kondakta wa basi la asubuhi ampelekee mjukuu wangu. Na usimwambie neno kuhusu bibi. Akijua ataacha safari akimbilie hapa kumshika mkono, na bibi mikono anayo ya kutosha. Anachotaka ni uso wa mwanawe. Huyu mtoto akija hapa, uso hauji.

Usilie mbele ya kondakta, ataiangusha.

Mwalimu wako

*

Tarehe 15 Juni

Mke wangu mdogo, mbishi, mfupi wa miguu,

Kobe mrudishe kwa mwenyewe. Kondakta atakukabidhi kifurushi. Fungua taratibu, humo ndani mna kamera yangu ya chuma. Ndiyo, ileile iliyokupiga ukiwa na meno mawili na hasira. Nimeibadilisha yote, na kiti juu, ikawa hii unayoiona. Imepungua kuliko mimi. Ukiiweka kwenye kiganja unaweza kuisahau.

Usiandike kunishukuru, sipendi kulizwa na watoto. Andika umeondoka.

Namna ya kumpiga: msimamishe mlangoni, mwanga umpate shavu moja. Wewe simama karibu mpaka usikie anapumua. Atavaa ile sura ya kamera, kila mtu anayo, kama mtu anayesubiri sindano. Usibonyeze. Mpigie porojo. Mwambie baba yake ameuza kiti chekundu. Akikasirika, ndipo uso wake wa kweli unatoka. Hapo bonyeza. Halafu mwambie lile neno langu, asipepese.

Unasema hapendi kusogelewa. Mwanangu yule nilimwogesha mimi. Msogelee.

Na upite mlimani. Usiniulize haraka ya nini, mzee akiwa na haraka mwachie.

Mzee Usipepese,
sasa hivi mtu asiye na kamera

*

Tarehe 21 Juni

Babu,

Imefika. Nilikaa nayo kitandani nikiigeuza. Kweli haivuti? Nimejaribu kila kitufe. Nimemtazama jirani kupitia kile kioo chake cha nyuma na amebaki jirani, mbali vilevile.

Nilianza kukuandikia barua nyingine, ndefu, nikaichana.

Sawa. Kama umetoa kiti chekundu nitasema nini tena. Nimeishonea mfuko ndani ya koti, chini ya kwapa, na bitana ya flana isigongwe. Hata ukinikumbatia huijui. Betri iko kwenye soksi kama ulivyoamuru. Kesho naanza mlima. Nitatumia miguu.

Mwambie bibi asilale mapema.

Mimi, fundi

*

Tarehe 30 Juni

Babu,

Shikamoo. Ndani ya bahasha hii kuna kadi ya kamera, nimeifunga kwenye kitambaa cha sare. Mpelekee Kipara aisome kwenye mashine yake. Kabla hujaipeleka, kaa kwanza. Kama umesimama, kaa.

Baba anaumwa. Nilijua tangu nilipokuandikia kuhusu kobe. Alinikataza nisiwaambie. Mapafu yamejaa vumbi, wamewatenga wagonjwa nyuma ya machimbo, kuna waya na huruhusiwi kuuvuka. Ndiyo maana nilitaka lenzi ya kuvuta, babu. Sikuwa mvivu.

Getini walinipapasa. Walichukua simu, wakachukua hata mkasi wangu wa kukatia nyuzi. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alikuwa na kamera kubwa shingoni, wakaivua na kuitupa ndani ya pipa kama mtu anayetupa ganda. Yangu ilikuwa chini ya kwapa, hawakuijua. Ile lenzi ndefu niliyoitaka mwanzo isingevuka. Kwa hiyo wewe ulikuwa sawa, na mimi nilikuwa sawa.

Alitoka barazani. Shati jeupe. Nilimtambua kwa shati, nisamehe, bila shati ningemruka. Kutoka waya mpaka pale alipo ni kama kutoka dukani kwa Kipara mpaka kwenye lango la shule, ile nafasi ambayo ukimwita mtu anageuka lakini hajui nani amemwita. Amekata ndevu. Alisimama kwenye nguzo ya mwisho kama ulivyowafundisha watu wote wa mtaani kwetu, kidevu chini kidogo, mabega sawa, mikono imelala. Hakupepesa, nadhani. Sikuweza kuona.

Nilipiga hatua mbele, kama ulivyosema. Nikapiga nyingine. Ya tatu ilikuwa waya.

Nilimwomba muuguzi aingie nayo, amsogelee yeye. Akatikisa kichwa, akanionyesha askari kwa macho. Ikionekana ndani inavunjwa na yeye anafukuzwa, na ana wagonjwa ambao wakimkosa hawana mtu. Sikumsukuma zaidi. Nilifungua koti, nikapiga nikiwa nimeishikia kifuani, mara nyingi, kimya kimya. Haina sauti hata kidogo, hilo nakupa. Ile ya kobe ingenguruma na askari angegeuka. Au isingenguruma, na ingemfikia. Au ingemfikia na kuleta matope, maana nguzo yake ilikuwa kivulini. Nimelifikiria mlima mzima wa kurudi.

Nilimwambia lile la kiti chekundu. Nililipigia kelele, "Babu ameuza kiti!" Wote barazani wakacheka, na yeye akashika nguzo. Sijui kama alicheka au alikohoa.

Bibi usimwambie anaumwa. Mwambie mjukuu wako hajui kupiga picha. Nakuja wiki hii mara tu wakinipa ruhusa kazini, wana sare za shule mbili hawajamaliza.

Mjukuu wako

*

Tarehe 7 Julai

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma nimekaa. Siku nyingine ukimwambia mzee akae, mwambie pia ashike kitu.

Usiniombe msamaha na mimi sikuombi. Tukianza biashara hiyo hatutafunga duka. Wewe ulificha wako na mimi nilificha wangu. Wewe ulitaka lenzi ya mbali kwa sababu yuko mbali, mimi nikataka uwe mwepesi ufike haraka, kwa sababu bibi yako alikuwa anaondoka. Nilikuandikia hajambo. Alikuwa hajambo kama mimi nilivyo bikira.

Nilimwachia jirani zamu, nikaenda kwa Kipara. Akaiweka kadi kwenye mashine yake, na baba yako akatokea kwenye kioo, mdogo kama punje ya mchele uliosimama. Nikamwambia kuza. Akakuza. Shati likawa shati. Nikasema kuza tena. Nguzo ikawa nzuri ajabu, rangi imebanduka, misumari inaonekana. Kamera ile ni kweli inaona. Uso ukawa vidoa. Kipara akaacha kubonyeza, akaanza kufuta miwani ambayo hana. Nikamwambia toa hivyohivyo, karatasi ya sinia.

Akaitoa. Halafu bila kuambiwa akafungua droo akanipa penseli yangu ya zamani, ile ya kutengenezea picha. Unajua kazi niliyokuwa naifanya nayo. Mtu akipepesa, nilimfumbua macho kwenye karatasi, anakwenda nyumbani akiwa macho maisha yake yote. Nimewafumbua maharusi, nimewafumbua mapolisi. Nikainama juu ya mwanangu. Pua najua ilipo. Lile kovu la kwenye nyusi nilikuwepo alipolipata. Lakini uso niliokuwa nao mkononi ulikuwa wa kijana aliyeondoka na sanduku, na mwenye shati jeupe si huyo, na sijui huyu amekuwaje. Hata ndevu sikujua alikuwa nazo. Nikamrudishia Kipara penseli yake. Nilisema yake. Kiti amechukua, achukue na penseli.

Nilipofika nyumbani jirani alikuwa amemkalisha bibi kwenye mito. Nikamwonyesha picha kwenye mwanga wa dirisha. Alitazama. Nilikaa nikimsoma midomo.

Akasema, "Hii ni nguzo."

Nikasema ndiyo, pembeni yake ndiye.

Akasema, "Mbona yuko mbali?"

Nikasema mjukuu wako hajui kupiga picha, ana miguu mifupi. Akacheka kidogo, nakuambia ukweli, akakutetea. Alisema wewe unashona vizuri. Halafu akasema, "Mwambie asogee."

Nikasogeza karatasi. Akasema bado. Nikasogeza. "Bado, mwambie asogee, anaogopa nini?" Nikasogeza mpaka kope zake zikawa zinagusa. Midomo ikawa nyuma ya karatasi, sikuweza tena kuisoma. Nikamwuliza jirani, anasemaje? Jirani akasema hasemi kitu, anapumua tu. Kwa hiyo nilikaa nimeishika hivyo, mikono miwili, kama mtu aliyeshika kioo kwa ajili ya mwenzake anayechana nywele. Karatasi ilikuwa inapanda kidogo na kushuka kidogo. Mimi niliutazama mgongo mweupe wa karatasi.

Jirani ndiye aliyenigusa bega. Mimi nilikuwa naona bado inapanda. Mikono yangu siku hizi inatetemeka, sikujua ni mimi.

Tumemzika jana, watu walikuwa wengi, mzee wa sala safari hii alikuwa mfupi. Nilitaka sana kumtania mtu na sikumpata. Sasa huna mke mwenza, na mimi sina wa kunigombeza kwa haki. Sare za watoto wa watu malizia kwanza. Aliye hapa ni mimi tu, na mimi siendi popote.

Ile kamera usiniletee. Ibaki kwenye koti lako. Jumapili zipo, na waya hauhami. Nenda kasimame tena, hata bila kupiga.

Picha nimemwekea bibi yako kaburini, imelala usoni pake kama ilivyokuwa. Watu walitaka kuitoa nikajifanya sisikii.

Baba yako akiuliza, mwambie mama yake amemwona. Mwambie alimwona kwa karibu sana.

Babu yako